Oxford Advanced Learner's: kamusi ninayoitumia kuandikia watu barua za kazi hapa Malindi

Mie kazi yangu ni kuandikia watu CV na barua za kuomba kazi, wengi wanatafuta hotelini kuanzia Casuarina mpaka Watamu huko, na kamusi iliyo mezani kwangu ni hii, toleo la 10 la mwaka 2020. Kwa kazi hii sijaona ya kuishinda.

Kamusi nyingi hukupa maana zikakuacha hapo hapo. Hii inakwambia neno linatumika wapi na linafuatana na nini. Chukua "conversant", neno ambalo matangazo ya kazi Kenya yanalipenda kweli kweli. Ukilifungua unakuta limewekewa alama ya "formal", yaani ni la barua na ofisi, halafu unaonyeshwa linakwenda na "with", maana yake kukijua kitu na kukizoea. Basi ushajua utaandika "conversant with" na sio "conversant about" kama ninavyoona kwenye barua ninazoletewa nirekebishe. Na hiyo alama msiiruke jamani, mgeni akikuuliza kama waijua njia ya Gede mjibu "I know the way" yatosha, ukimwambia "I am conversant with the way" atakushangaa.

"Commensurate" nalo. Kuna kijana alikuja na tangazo limeandikwa "salary commensurate with experience" akadhani wanamwahidi mshahara mnono, tukafungua pamoja, kumbe ni kulingana, yaani mshahara utaenda na uzoefu wako, ikabidi turudi kwenye CV tukaweka na ile miaka yake ya jikoni na ya kutembeza wageni kwa boti, vitu alivyokuwa ameviacha nje kabisa.

Aliyeianzisha, A. S. Hornby, alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, na ilichapwa Tokyo 1942 kabla ya Oxford kuitoa 1948, ndio maana maelezo yake ni ya maneno mepesi, imetungwa kwa sisi ambao Kiingereza tumekikuta darasani.

Kasoro ipo, Kiswahili ndani yake hakuna, kwa hivyo mwenye Kiingereza kidogo sana atahangaika. Mie naiweka pamoja na ile kamusi ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ya Kiingereza-Kiswahili ya 1996, TUKI inanipa neno la kwetu na Oxford inanipa matumizi. Halafu ni zito hilo kitabu, la kubeba kwenye tuktuk kila siku sio.

Mwenye bando aanze na ya mtandaoni, kutafuta neno ni bure na unabonyeza kaspika unasikia linavyotamkwa kwa Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Kitabu chenyewe nunua kama una mtoto sekondari au unaandikia watu kama mie, na kabla hujalipa angalia jalada uone ni toleo la ngapi.