Mapambo ya machipuo kwa karatasi, nyumbani Dar, katikati ya masika: uzoefu wangu na pakiti ya krepu nzito

Nianze na jibu, maana ndilo wengi wanalolitafuta: krepu, yaani ile karatasi ya mapambo yenye mikunjo, iliyomo kwenye pakiti hii inafaa kununuliwa, tena sana. Vitu vingine vilivyofungwa pamoja nayo unaweza kuvipata mtaani kwa bei nafuu, na kimojawapo cha mtaani kimenifaa kuliko cha kwenye pakiti.

Ni pakiti ya vifaa vya kutengenezea mapambo ya majira ya machipuo nyumbani. Niliiagiza kwa dada mmoja anayeuza mtandaoni, yuko hapahapa Dar, kwa shilingi 45,000, na bodaboda wa kuileta Tabata nikamlipa mwenyewe. Ndani mna krepu za rangi tano, karatasi za tishu za kutengenezea mipira ya kuning'iniza, manila za rangi, waya wa mashina, tepu ya kijani ya kuzungushia mashina hayo, chupa ndogo ya gundi nyeupe na vielelezo vya kukatia. Vielelezo vyote ni vya nchi za baridi: maua ya tulipu, dafodili na sakura (maua ya mcheri wa Kijapani), halafu vipepeo na ndege.

Kaskazini ya dunia machipuo yanaanza tarehe 20 au 21 Machi. Kwetu siku hizohizo ndiyo masika yanaingia, na Pasaka, ambayo haitangulii 22 Machi wala haivuki 25 Aprili, inatukuta kwenye mvua kila mwaka. Mimi hupamba nyumba kwa ajili ya Pasaka. Ukoo mzima huja kwetu, na napenda watoto wakiingia wakute sebule imechangamka. Kwa hiyo nilichokuwa nataka kujua ni kimoja: je, mapambo haya yatakaa wiki kadhaa kwenye hewa ya Dar ya mwezi wa nne bila kulegea? Picha za matangazo haziwezi kukujibu hilo. Karatasi hunyonya unyevu ulioko hewani, nyuzi zake zinavimba, mkunjo ulioubana vizuri unafunguka na petali iliyosimama inainama. Msimu ambao nguo hazikauki kambani, karatasi nayo haikauki.

Sasa krepu yenyewe. Ile tuliyoizoea, ya kupambia kumbi za harusi na madarasa ya chekechea, ni nyepesi mno. Ukiivuta inachanika, ukiishika na vidole vyenye jasho rangi inakubaki mkononi, na ikipigwa na feni siku mbili inanywea. Krepu ya kwenye pakiti ni ya Italia, uzito wa gramu 180 kwa mita ya mraba. Roli nzima ya krepu ya aina hiyo huwa na upana wa sentimita 50 na urefu wa mita 2.5; kwenye pakiti kila rangi umekatiwa nusu roli. Ukiishika tu unajua ni kitu kingine. Mikunjo yake ni mirefu na ya kina, na ukiivuta kwa upande inaongezeka upana kwa zaidi ya nusu bila kuchanika, halafu inabaki vilevile ulivyoivuta. Hapo ndipo thamani yake ilipo: unaweka kipande viganjani, unasukuma katikati kwa vidole gumba viwili huku ukivuta kingo, na petali inajitengeneza tumbo la kweli. Manila huwezi kuifanya hivyo. Tishu ndiyo kabisa.

Jambo moja la kushika kabla hujakata: mikunjo iende kutoka shina la petali kwenda nchani, siyo kukatiza. Ukikata kwa kukatiza, petali haitatanuka pande na itaning'inia kama ulimi. Vielelezo vya kwenye pakiti vina mshale unaoonyesha mwelekeo huo, ila ni mdogo na haukuelezwa popote. Naona muuzaji anapaswa kuandika sentensi moja ya Kiswahili pale, kwa sababu mtu asiyejua ataharibu krepu ya bei ghali na kudhani karatasi ndiyo mbaya.

Tulipu ni rahisi, petali sita, unamaliza. Dafodili ina petali sita na kikombe katikati, na kikombe hicho ndicho kazi. Ukingo wake unauvuta kidogokidogo kwa kucha mpaka unajikunja mawimbi. Sakura nimeipenda zaidi ya hizo. Petali tano, kila moja na kipengo kidogo nchani, na huhitaji shina: unachukua tawi kavu (mimi nilitumia la mwarobaini uliopogolewa kwa jirani), unabandika maua kwenye vifundo vya tawi, mengine mawilimawili, mengine matatu, na unaacha sehemu tupu. Tawi lisilojazwa linapendeza zaidi.

Lakini ua ambalo limekaa sebuleni kwangu muda mrefu kuliko yote halimo kwenye vielelezo. Binti za kaka yangu walipoona rangi ya zambarau iliyokolea kwenye pakiti walisema palepale, "Shangazi, hii si ndiyo ya yale ya getini?" Wanasema bogenvilia, na wako sahihi. Kama kuna mmea ulioumbwa kwa ajili ya krepu ni huo. Kile kinachoonekana kuwa petali kwenye bogenvilia ni majani yaliyogeuka rangi, membamba na makavu kama karatasi; ua lenyewe ni kile kibomba cheupe katikati, kidogo kabisa. Majani hayo hukaa matatumatatu, na kila moja hubeba kibomba chake. Tulikata kishada kimoja getini, tukakitandaza mezani, tukachora kielelezo chetu kwa penseli kwenye kipande cha manila.

Hivi ndivyo tunavyolitengeneza. Unakata majani matatu ya zambarau, urefu kama sentimita 5 na upana 4, chini mapana, juu yamechongoka. Kila jani unalibana katikati kwa ukucha kuanzia chini hadi nchani ili mshipa uonekane, kisha unalisukuma kwa kidole gumba, kidogo tu, maana bogenvilia halina tumbo kubwa kama tulipu. Ukanda wa krepu nyeupe wa upana wa sentimita 1 unausokota mpaka uwe bomba, nchani unaupanua kwa ncha ya kijiti cha meno. Vibomba vitatu, kila kimoja mbele ya jani lake. Halafu unayakusanya yote kwenye shina na kuyafunga kwa tepu ya kijani. Tepu hiyo haigandi mpaka uivute; ukiivuta ndiyo nta yake inatoka na inajishika yenyewe. Kwa joto la hapa inashika haraka sana, kwa hiyo vuta kipande kifupi, zungusha, vuta tena. Ukifunga hivi huhitaji gundi hata tone.

Na kuhusu gundi nina maneno. Gundi nyeupe ina maji, na maji ni adui wa krepu mara mbili: yanaifungua mikunjo na yanaitoa rangi. Zambarau ikilowa karibu na nyeupe, nyeupe inakuwa waridi. Panapolazimu gundi, kama kwenye tawi la sakura, chovya ncha ya kijiti cha meno na uguse, usipake. Na msimu wa mvua ipe usiku mzima ikauke. Wengine watakushauri upike gundi ya unga wa ngano kama tulivyokuwa tukifanya shuleni. Kwa mapambo ya kukaa wiki kadhaa sishauri, mende wanaipenda na watakula hadi karatasi.

Waya wa mashina ndicho kitu kilichoniudhi. Ni waya wa chuma usiopakwa kitu, na kwa unyevu wa Aprili ulianza kutu mapema, kutu ikapenya kwenye tepu na kuacha madoa ya kahawia chini ya maua meupe. Kwa pakiti ya bei hii inayouzwa Dar, hilo halikubaliki. Mama mkwe wangu, mwenyeji wa Pangani, ndiye aliyenipa dawa yake. Alinitazama nikihangaika akasema, "Mwanangu, si utumie chelewa?" Akachomoa kutoka kwenye ufagio mpya, akazikwangua kwa kisu mpaka zikawa laini, akanielekeza nichague zile ndefu za katikati ya kuti kwa sababu ndizo imara. Chelewa haishiki kutu, ni nyepesi, tepu inaishika vizuri, na ufagio mmoja una mashina ya kutosha nyumba nzima. Haikunji kona kali, kwa hiyo dafodili inayoinamisha kichwa bado inataka waya, lakini kwa bogenvilia na tulipu sitarudi kwenye waya tena.

Manila za kwenye pakiti ni za kawaida, zilezile unazokuta kwenye steshenari yoyote ya Kariakoo, na ukishuka Msimbazi na kuzunguka kidogo utazipata za rangi nyingi zaidi. Vipepeo vyake ni kazi nzuri ya kuwapa watoto wadogo. Pitisha mgongo wa kisu kando ya rula kabla ya kukunja mbawa, mkunjo utakaa. Ndege sikuwapenda, vielelezo vyao vina kona ndogo ambazo mkasi wa mtoto hauzifikii.

Mipira ya tishu: msiihangaikie wakati wa masika. Ilipendeza siku ya kwanza, halafu ikaanza kulala upande mmoja, na chini ya feni ikawa vitambaa. Nimeihifadhi iliyobaki kwa ajili ya kipupwe, hewa ikiwa kavu kidogo itasimama.

Kuhusu kutundika, selotepu ukutani inaachia wakati wa mvua, na ikikubali inaondoka na rangi ya ukuta. Nimefunga kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha na kubana mapambo kwa vibanio vya nguo, na ni rahisi kuyashusha jioni ikinyesha na madirisha yako wazi. Weka mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri, kwani krepu ya waridi kwangu ilipauka upande mmoja. Na kwa nyumba zinazofukiza udi, tafadhali, chetezo na taji za karatasi visikae chumba kimoja bila mtu. Krepu inashika moto upesi.

Lalamiko langu kwa muuzaji nilimwambia mwenyewe, nalisema na hapa. Pakiti ilikuja kwenye boksi la kadibodi tupu, bila nailoni, siku ya mvua. Kijana wa bodaboda alijitahidi, aliiweka ndani ya koti lake, lakini kona moja ililowa na krepu nyekundu ikachafua njano iliyokuwa chini yake. Kwa mtu anayeuza karatasi Dar mwezi wa Machi, mfuko wa nailoni ungekuwa kitu cha kwanza. Alijibu kwa heshima, akanitumia njano nyingine bila malipo, na nilishukuru. Waya hakuuzungumzia.

Je, ningelipa tena 45,000? Kwa pakiti nzima, hapana. Nilimuuliza kama anauza roli peke yake, akasema anauza, na hivyo ndivyo nitakavyonunua: roli nzima ya zambarau, nyeupe, njano na kijani iliyokolea, manila za Kariakoo, ufagio wa chelewa, na tepu ya kijani ambayo bado sijaiona dukani karibu na kwangu. Agiza kabla ya mvua kuanza, na roli zikifika zifunge kwenye nailoni, uzisimamishe juu ya kabati badala ya kuzilaza sakafuni. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, viwekeni humohumo na maua mtakapoyashusha baada ya Pasaka. Bogenvilia zangu sasa zimo kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na nilipoifungua juzi kuchukua kielelezo cha binti mmoja, majani yake yalikuwa bado na mshipa uleule tulioubana kwa ukucha.