Mafunzo ya Unyonyeshaji Jijini Dodoma: Tathmini ya Mshiriki
Nikiwa mkunga katika kituo cha afya wilayani Bahi, nilihudhuria mafunzo endelevu ya siku 3 kuhusu unyonyeshaji jijini Dodoma, na nakiri kwamba nilifuata alama za kuhuishia leseni kuliko elimu yenyewe. Siku ya kwanza ilikwisha kwa slaidi za zile Hatua Kumi za WHO na UNICEF za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotolewa mwaka 1989 na kurekebishwa mwaka 2018, ambazo wengi wetu tumezibandika ukutani.

Thamani halisi ilikuwa wodini. Mwezeshaji aliketi na mama aliyejifungua siku 2 zilizopita, chuchu zimechanika, na badala ya kumshikia titi alimwelekeza kwa maneno tu: amgeuze mtoto tumbo kwa tumbo, asubiri mdomo ufunguke wazi kabisa, kidevu kiguse titi. Punde tulimsikia mtoto akimeza, na mama akalegeza mabega. Mimi miaka yote hii nimekuwa nikisukuma vichwa vya watoto.

Kasoro hazikukosekana. Tulikuwa washiriki 14 kwa mwezeshaji mmoja, ukamuaji wa maziwa kwa mkono ulipewa dakika 20 tu, na hakuna aliyemgusia mama anayekwenda kupalilia mtama akimwacha mtoto wa miezi 3 kwa bibi na uji mwepesi, jambo tunalokutana nalo kila msimu wa mvua. Chai, walau, haikuchelewa. Ningemshauri mkunga mwenzangu ajiandikishe, ila waandaaji waongeze siku ya pili ya wodini.