Prado old model, inchi mbili juu na tairi 265/75: uzoefu wangu

Kama unafikiria kunyanyua gari yako na una hela ya kitu kimoja tu kwa sasa, anza na tairi. Hilo naliweka mwanzoni kabisa ili asiye na muda asihangaike na mengine yote. Mimi nimefanya vyote viwili kwenye Prado old model, ile yenye injini ya 1KZ, dizeli lita 3.0, automatiki, nimepita nayo masika yote na safari za mikoani, kwa hiyo naongea nikiwa nimeshaonja utamu na uchungu wake.

Nakaa Goba, Dar, na sio ile ya barabarani, ni ile ya kuacha lami ukashuka bondeni halafu ukapanda tena. Mvua ikinyesha maji yanachimba korongo katikati ya njia, watu tunachanga linamwagwa kifusi, gari mbili tatu zinapita, mvua inarudi na korongo linarudi lilelile. Springi zangu za zamani zilikuwa zimeshalala, gari inapiga chini karibu kila siku, ngazi za pembeni zimekunjika zote mbili na bampa ya mbele imechubuka kwa chini haitamaniki. Sasa mtu akisema kunyanyua gari ni sifa tu mwambie aje huku mwezi wa nne.

Kabla ya kutoa hela nilikaa na kalkuleta kwanza. Tairi ya kiwandani ya hii Prado ni 265/70R16, kimo chake kama milimita 777. Ukienda 265/75R16 unapata kama 804. Tofauti ni 27 hivi, lakini ekseli inakaa katikati ya tairi, kwa hiyo difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inapanda nusu yake tu, milimita 13. Springi ndefu na shokapu ndefu zinapandisha chesisi na bodi, hapo unapata sentimita tano au zaidi kidogo, ila difu ya nyuma haisogei hata nywele, iko kwenye ekseli palepale. Yaani mtu anaweza kunyanyua gari inchi nne kwa springi na tairi ni zilezile, halafu lile jiwe lililokuwa linagonga difu yake jana na leo likaigonga tena. Wauzaji wengi hapa mjini hili hawakwambii, wanakuonyesha picha ya gari imekaa kibabe unatoa hela.

Difu ya mbele ni habari nyingine. Kwenye Prado hii imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo inapanda pamoja na bodi wakati tairi zinabaki chini, ndio maana zile ekseli fupi za mbele zinainama kwa pembe kali zaidi. Ukizidisha, buti za mpira za sivijointi, yaani viungo vya hizo ekseli fupi, zinajikunja na kusuguana zenyewe mpaka zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na hapo unaanza kusikia kata kata kata ukikata kona. Boljointi za juu nazo zinafika mwisho wa safari yake. Kwa gari ambayo difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi kama hii inchi mbili ndio mwisho wa raha, zaidi ya hapo unaanza kununua vitu vingine vya kurekebisha ulichoharibu.

Gereji ya kwanza niliyoenda (jina niachieni) jamaa aliniambia hakuna haja ya springi mpya, anaweka spesa, vipande vya kuongezea kimo, juu ya hizohizo za zamani, inchi nne, halafu nivalishe 285/75, siku moja imeisha. Nikawa namsikiliza huku namwangalia kijana wake pembeni. Alikuwa anashusha shokapu ya mbele ya gari nyingine, sasa ile shokapu imevaa springi, na springi imebanwa, ukilegeza nati ya juu bila kuibana kwa kifaa chake inafyatuka na nguvu ya kuvunja taya. Kijana hana kifaa. Kaifunga springi kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko kadhaa, kakanyaga na mguu, spana mkononi, uso uko juu yake kabisa. Nikaaga. Tangu siku hiyo gereji nikiingia swali langu la kwanza ni nionyeshe kibanio chako cha springi, bei baadaye.

Niliyokuja kumpa kazi ni fundi mwingine kabisa, na seti niliyochukua ni Old Man Emu, ya ARB wa Australia, shokapu nne na springi nne. Nilichopenda aliyeniuzia aliniuliza maswali kabla ya kuingia stoo: mbele una bampa ya chuma au ya kawaida, una winchi, nyuma unabeba nini siku za kawaida. Maana springi hizi zinatofautiana kwa uzito, ukiweka za mbele za kubebea bampa ya chuma na winchi kwenye gari ambayo haina hivyo vitu, pua inapanda juu kupita kiasi na gari inakuwa ngumu kama mkokoteni. Mimi nina bampa ya kawaida, nyuma familia na mizigo ya safari, akanipa za kati.

Kazi ilichukua siku nzima. Kitu kimoja alichofanya yule fundi kikanifanya nimwamini ni kwenye bolti za bushi. Alizifunga kwa mkono tu gari ikiwa juu ya jeki, halafu akaishusha chini, akaitikisatikisa mpaka ikatulia kwenye uzito wake, ndio akalala chini akazikaza kabisa. Ukizikaza gari ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi unashikwa ukiwa umekaa vibaya, gari ikishuka unajinyonga muda wote na hauchukui muda unachanika. Akaangalia na hosi za breki za nyuma kama hazivutiki ekseli ikishuka mpaka mwisho. Mwishoni akapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi kila upande, namba akaandika kwa chaki sakafuni, kabla na baada. Mbele imepanda sentimita tano, nyuma tano na nusu.

Tairi sasa. Nilichukua tano, narudia, tano. Hii Prado ni fowili muda wote, ina difu ya katikati, na hiyo difu inataka tairi zote ziwe na kimo kimoja. Ukinunua nne kubwa ukabaki na spea ndogo, siku ya pancha ukatembea nayo umbali mrefu, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika. Sasa spea yenyewe inakaa mlango wa nyuma, na tairi ya AT (all-terrain, ya lami na vumbi) ya plai kumi ina uzito wa maana, bawaba za mlango zikiwa zimechoka utauona unalegea. Zangu nilibadilisha pini kabla haijawa kesi. Mitaa ya Gerezani na Kariakoo tairi zipo za kila aina, ila usiangalie ugumu wa meno tu, tafuta tarehe ubavuni, zile namba nne za mwisho baada ya herufi za DOT. Ikiandikwa 1423 imetengenezwa wiki ya 14 mwaka 2023. Kuna moja niliwekewa mbele yangu inang'aa kama imetoka kiwandani jana, kusoma tarehe, ina umri wa mtoto wa darasa la pili. Muuzaji anasema hiyo ni namba ya kontena. Haya bwana.

MT, zile za matope, sikutaka. Kwenye lami zinavuma kama mashine ya kusaga, na mimi asilimia kubwa ya maisha yangu niko kwenye foleni ya Mwenge, sio porini. AT zinanitosha.

Kero niliyoipata ilikuwa huko nilikofungia tairi, sio kwa fundi wa shokapu. Wamekaza nati kwa mashine ya upepo mpaka inalia, nikiwa njiani kwenda Bagamoyo nataka kubadilisha tairi nati moja haitoki, kulazimisha stadi, ile bolti inayoshika nati, ikakatika. Niliporudi wakasema stadi ilikuwa mbovu. Siku hizi nasimama palepale, mashine inaishia kugusa tu, kumalizia ni spana ya mkono.

Baada ya hapo alaimenti, na hii haina mjadala, ukishanyanyua mbele tairi zinabadilika mlalo, ukiacha hivyo tairi ya laki sita inaliwa upande mmoja mpaka unaona nyuzi. Nilienda kwenye mashine ya kompyuta na nikadai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Stelingi kabla ya kurekebishwa ilikuwa nyepesi ajabu, ukiwa 80 gari inatangatanga, baada ya hapo imetulia.

Vitu viwili gereji walisahau nikavikuta mwenyewe. Taa za mbele zimepanda na gari, usiku kila ninayekutana naye ananimulika kwa hasira, bodaboda ndio usiseme, mpaka nikaenda kuzishusha. Cha pili ni ile valvu ya breki za nyuma, Toyota nyingi za namna hii zina kifimbo kimetoka kwenye chesisi kwenda kwenye ekseli, kinapima gari ina mzigo kiasi gani. Gari ikinyanyuliwa kifimbo kinadhani haijabeba kitu, kinapunguza nguvu ya breki za nyuma. Kinarekebishika, ila lazima umwambie fundi.

Kuendesha kukoje? Matuta ya Dar sasa napita bila kushika breki ya hofu, na lile korongo la kwetu nalivuka pembeni pembeni bila kugusa kitu. Ila ukiniuliza mimi, nusu ya raha hii sio kimo, ni shokapu mpya. Za zamani zilikuwa zimekufa, gari inadunda mara tatu baada ya tuta moja, sasa inadunda mara moja inatulia. Kuna watu wanasifia kunyanyua gari kumbe wanachosifia ni kubadilisha shokapu. Kwenye kona za kasi inalala zaidi ya zamani, hilo halikwepeki, na njia ya Chalinze mabasi yakikupita unausikia upepo wake.

Nguvu imepungua. Tairi ikiwa kubwa ni kama umeongeza gia, na 1KZ sio injini ya kuringia hapo. Mlima Kitonga tukiwa watu sita na mizigo nilizima OD (overdrive, gia ya juu ya kukimbilia) chini kabisa, nikapanda taratibu nyuma ya malori huku jicho liko kwenye geji ya joto, maana silinda hedi za hizi injini zinajulikana kwa kupasuka zikichemka. Tairi za 285 zingekuwa mateso, na zingetaka kukata madigadi. Hizi zangu zinasugua raba ya tope kidogo tu nikikata stelingi mpaka mwisho huku narudi nyuma.

Spidi nayo. Tairi mpya ni kubwa kwa kama asilimia 3.4, kwa hiyo dashibodi inasoma pungufu ya mwanzo. Bahati nzuri ya kwangu ilikuwa inatia chumvi, nilikuwa nikiona 80 GPS ya simu inasema 77, sasa zinalingana. Ila ule uwazi wa bure uliokuwepo umekwisha, sehemu ya 50 ukienda 53 ni 53 kweli, tochi haibembelezi, faini inakutoka. Na mafuta, watu wengi wanalalamika gari imeanza kunywa sana, sawa imeongeza, yangu imeongeza, ila kumbuka kila kilomita 100 za kwenye dashibodi umetembea 103 na ushee, pigia hesabu hiyo kabla ya kugombana na fundi wa pampu.

Kwenye mchanga wa Kimbiji nilishusha upepo wa tairi mpaka psi 18, haikukwama hata mara moja, huku jamaa wa gari jipya zaidi yangu aliyebaki na 35 anachimba kaburi lake. Beba pampu lakini, usirudi kwenye lami na 18.

Mama alipokuja kututembelea ndio nikajua gari imepanda kweli. Ngazi zile zilizokunjika nilikuwa nimeshazitoa. Kasimama mlangoni na kitenge chake, kaangalia kiti, kaniangalia mimi, "Baba, mimi nimekuja kwa gari, hili ni lori." Tukamletea stuli ya jikoni, na stuli ikasafiri naye mpaka Kibaha. Ngazi mpya nimeshaagiza. Na kama una keria juu, parking za chini ya maghorofa ya Posta pima kwanza kabla hujaingia.

Gharama: seti milioni tatu na ushee, tairi tano karibu nyingine tatu, ufundi na alaimenti haukufika laki tano. Ningekuwa na hela pungufu ningechukua tairi tano nzuri na shokapu za kimo cha kawaida, nyanyua ingesubiri. Tairi nazizungusha zote tano kila kilomita 8,000 hivi, na ile ya mlangoni inaingia kwenye mzunguko kama wenzake, haiwezekani nimeilipia laki sita halafu ikae inaota jua.