Fundi wa kioo anayekuja baada ya kazi

Kokoto iliyoruka kutoka kwenye lori pale Tegeta iliacha ufa wa nyota kwenye kioo cha mbele cha gari langu. Fundi huyu ameajiriwa kwingine, hivyo hupatikana jioni na Jumamosi tu. Alinifuata nyumbani Mbezi Beach.

Kazi yake nimeipenda mno! Alikataa kuanza kioo kikiwa cha moto. Tukasogeza gari kivulini, kikapoa, akanyonya hewa kwenye ufa, akasukuma gundi maalumu, akaigandisha kwa taa ya miale ya urujuanimno (UV). "Dada, alama kidogo itabaki," alinitahadharisha mapema. Imebaki kweli, ila ufa haujatambaa. Ungekuwa mbele ya macho ya dereva, angenishauri nibadilishe kioo kizima.

Namwomba aongeze Jumapili. Sisi tulioajiriwa tuko kazini wiki nzima kama yeye.