Kifaa cha usikivu cha baba, Ujiji
Nilimnunulia baba kifaa cha usikivu cha kidijitali katika duka la vifaa tiba mjini Kigoma, nami ninakipendekeza, ingawa betri zake ndogo hupatikana kwa shida. Maikrofoni hunasa sauti, chipu hukuza maneno na kupunguza kelele, kisha spika huyapeleka sikioni, kwa hiyo adhana ya Ujiji humfikia baba ikiwa imekwisha kupita katika hesabu za mashine. Tangu kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kipandikizwe mwilini mwa mtu nchini Sweden mwaka 1958, mpaka kati yetu na mashine umefifia hata nje ya hadithi za kubuni. Usiku, anapokivua, baba husema anajihisi amepungukiwa na kiungo.