RAM gani ununue ukitaka kuongeza mwenyewe bila kupoteza waranti

Wengi wanaogopa kwamba ukishika skrubu tu waranti imekwisha, si kweli kwa laptopu nyingi, Lenovo na Dell wanatoa kabisa manyuali zinazoonyesha RAM (memori ya kazi ya laptopu) inatolewaje. Waranti inaondoka ukivunja kitu mwenyewe. Ila soma waranti ya modeli yako, wapo wanaotaka kazi ifanywe na fundi wao.

Kabla hujatoa hela fungua Task Manager ya Windows, sehemu ya memori. Ikiandika "Row of chips" basi RAM imechomelewa kwenye bodi, na nyingi za hivyo hazina sloti ya kuongezea, achana nayo. Ikiwa ni SODIMM, yaani kipande kinachochomekwa na kutolewa, angalia sloti ngapi zimetumika, na ujue ni kizazi kipi cha RAM, maana DDR4 ina pini 260 na DDR5 ina 262 na haziingiliani hata ulazimishe vipi.

Sasa cha kununua. Namba moja kwangu ni vipande viwili pacha, GB 8+8 au 16+16, vinauzwa pamoja na vimepimwa pamoja, vinafanya kazi chaneli mbili (njia mbili za kupitisha data) kwa wakati mmoja na kama laptopu haina kadi yake ya grafiki utaona tofauti kabisa kwenye gemu.

Namba mbili, ongeza kipande kimoja kwenye sloti tupu. Ndiyo njia ya bei nafuu na kwa mtu wa kazi za ofisi inatosha sana, chukua ukubwa uleule na spidi ileile, ukichanganya spidi zote zitafuata ile ya chini.

Tatu ni kutoa cha zamani na kuweka kimoja kikubwa cha GB 16. Chaneli inabaki moja, nafuu yake ni kwamba sloti nyingine inabaki wazi kwa baadaye.

Ya mwisho kabisa ni used. RAM haichakai haraka kwa hiyo mara nyingi inapiga kazi, lakini unakosa waranti ya RAM yenyewe, wakati Kingston mpya wanakupa ya maisha. Ukinunua used ipitishe MemTest86, programu ya kupima RAM, siku hiyohiyo.

Kwenye kuweka sasa: zima laptopu kabisa, sio kulaza (sleep), chomoa chaja, chomoa waya wa betri ndani, gusa chuma kwanza kutoa umeme mwilini. Ingiza RAM kwa kuinamisha, sukuma mpaka zile pini za dhahabu zikaribie kupotea zote, halafu bonyeza chini mpaka vishikio vya pembeni vilie ka! Usipousikia huo mlio haijakaa. Kwa DDR5 skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, usiizime, inajipima.

Na tafadhali RAM ya zamani usiuze wala kugawa mpaka waranti iishe. Laptopu ikisumbua, rudisha ile RAM ya zamani kwanza ndo upeleke laptopu kwa wenye waranti, hapo hakuna wa kusingizia RAM yako.