Behewa la bei chee, ukiwa na subira

Nilipolitoa kwenye boksi behewa hili la treni ya mfano, nilicheka: plastiki inang'aa kama sahani mpya, madirisha ni stika tu. Ila umbo lake si baya, na kwa kipimo cha 1:87 (yaani dogo mara 87 kuliko behewa halisi) linakaa sawasawa kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5. Nilikata madirisha kwa kisu, kazi ya jioni mbili, nikabandika plastiki angavu kwa ndani. Supaglu usiitumie hapo! Mvuke wake huacha ukungu mweupe. Dirisha moja limeniharibikia hivyo. Kilichobadilisha sura hasa ni rangi isiyong'aa, kisha unga wa chaki ya kahawia uliopakwa kwa brashi kuzunguka magurudumu. Kulabu za kuunganishia ni dhaifu, huachia kwenye kona. Nitazibadilisha.